Maji ya Kifuu, Bahari ya Chungu

Wahenga wa pwani yetu walinena kwamba maji ya kifuu ni bahari ya chungu. Anayekishika kifuu mkononi huyaona maji yaliyomo kuwa matone ya kumwagwa tu; lakini chungu, yule mdudu mdogo, akiyatazama kutoka ukingoni huona bahari isiyo na ng'ambo. Methali hii nimewafundisha wanafunzi kwa miaka mingi na kuitungia maswali ya mtihani. Hata hivyo, nakiri kwamba maana yake kamili sikuifahamu hadi mwaka 2007, siku nilipofunua daftari la hisabati la mwanafunzi wangu mmoja.

Wakati huo nilikuwa nikifundisha darasa la tano katika shule moja ya msingi upande wa Msambweni. Kijana mmoja, mwepesi wa hesabu, hakuonekana darasani kwa siku sita. Siku ya saba nilipanda baiskeli, nikapita mashamba ya minazi na mikorosho, mpaka nikafika kwenye nyumba ya makuti alikoishi na bibi yake. Nilimkuta amelala mkekani, mwili ukichemka kwa homa. Nilimwamkia bibi, akaniitikia vizuri, kisha kabla sijamuuliza neno akaniletea lile daftari.

"Mwalimu, utanisamehe," aliniambia. "Nimelichukua daftari lako la shule. Kule zahanati wanataka daftari la kuandikia ugonjwa, nami sina la kununua. Nikasema nyuma hakujaandikwa kitu, patafaa."

Nililifunua. Mbele mlikuwa na hesabu za sehemu, nilizozisahihisha kwa kalamu nyekundu. Nyuma, mtoto wa jirani alikuwa ameandika jina la mgonjwa kwa herufi kubwa, na chini yake ukurasa ulikuwa mtupu. Hakuna tabibu aliyekuwa ameandika kitu.

"Mbona hamjaenda, bibi?"

"Nangojea shilingi hamsini, mwalimu. Mnunuzi wa nazi atapita Ijumaa."

Siku hiyo ilikuwa Jumatano. Hatukuingoja Ijumaa. Tulimpakia kijana kwenye baiskeli, zahanati ikatupa barua ya kutupeleka hospitali kubwa, na huko akalazwa siku tisa kwa malaria kali. Alipona, namshukuru Mungu. Lakini mbuzi wa bibi aliuzwa kwa bei ya kutupa, walimu tukachanga katika chumba chetu cha mapumziko, na kijana akarudia darasa. Nauli, chakula, dawa na vyote vilivyofuata vilitugharimu zaidi ya shilingi elfu tatu, na chanzo chake kilikuwa shilingi hamsini zilizokosekana.

Jambo linaloniuma hadi leo si hilo peke yake. Miaka mitatu kabla ya siku ile, serikali ilikuwa imekwisha kutangaza kwamba ada ya zahanati ni shilingi kumi, si hamsini, na kwamba mgonjwa wa malaria hatozwi chochote. Bibi yule alikuwa akingojea fedha ambazo hakudaiwa na mtu kwa mujibu wa kanuni. Yeye hakujua. Nami, mwalimu mwenye cheti, niliyekuwa nikisoma gazeti kila nilipolipata, sikujua.

Ndiyo sababu nathubutu leo kuandika juu ya ada za matibabu, jambo ambalo wengi wetu walimu huliona kuwa la madaktari na mawaziri. Ninalotaka kusema ni fupi. Kuifuta ada katika karatasi si kuiondoa mlangoni pa zahanati. Ada huondoka kweli pale tu fedha nyingine inapokuja kufanya kazi iliyokuwa ikifanywa na ada hiyo, na pale mwananchi anapojua kwamba imeondoka. Likikosekana moja kati ya hayo mawili, ada hutolewa kwa mlango na kurudi kwa dirisha.

Historia yenyewe yatuonyesha. Mwaka 1965 serikali changa ya uhuru iliwaondolea wagonjwa wa kutwa ada katika vituo vya umma. Kwa muda wa karibu robo karne Mkenya alikwenda kutibiwa bila ya kuulizwa mfuko wake una nini. Ilipofika miaka ya themanini, hazina ilikuwa imekauka, madeni yamezidi, na wakopeshaji wa ng'ambo wakawa wanashinikiza serikali za Afrika zipunguze matumizi. Hivyo mwezi wa Desemba mwaka 1989 ukaanza mpango wa kugawana gharama, na wagonjwa wakatakiwa kulipa katika hospitali na vituo vya afya vya serikali.

Matokeo hayakukawia. Mwanauchumi Germano Mwabu na wenzake walichunguza mahudhurio ya wagonjwa, wakachapisha matokeo yao mwaka 1995. Waligundua kwamba katika kipindi cha ada mahudhurio katika vituo vya serikali yalishuka kwa karibu asilimia 50. Serikali yenyewe ilishtuka, ikasimamisha ada hizo mwezi wa Septemba mwaka 1990 kwa muda wa takriban miezi 20. Katika miezi saba ya kwanza baada ya kusimamishwa, mahudhurio katika vituo vya afya yaliongezeka kwa asilimia 41. Uchunguzi mwingine, uliochapishwa mwaka 1992 kuhusu kliniki moja ya magonjwa ya zinaa jijini Nairobi, ulionyesha kwamba katika miezi ile tisa ya ada wanaume waliohudhuria walipungua hadi asilimia 40 ya idadi ya awali, na wanawake hadi asilimia 65. Nawaomba wanafunzi wa hisabati wazitafakari tarakimu hizo. Wagonjwa wale hawakupona ghafla mwezi wa Desemba. Walibaki majumbani na maradhi yao, na mengine kati ya maradhi hayo ni ya kuambukiza.

Labda atatokea msomaji aseme kwamba hayo yalikuwa mambo ya ada kubwa, na kwamba ada ndogo haimzuii mtu. Basi na tuende magharibi mwa nchi, katika Busia, ambako mpango wa kuwapa watoto wa shule dawa za minyoo ulichunguzwa na wanauchumi Edward Miguel na Michael Kremer. Huyu wa pili ndiye aliyekuja kushiriki Tuzo ya Nobel ya uchumi mwaka 2019. Katika baadhi ya shule wazazi waliombwa mchango mdogo mno, usiofika hata nusu dola kwa mtoto. Dawa ilipokuwa bure, takriban watoto 75 katika kila 100 waliimeza. Ulipoingizwa mchango, walibaki kama 19. Dawa ilikuwa ile ile, minyoo ile ile, na walimu wale wale. Kilichobadilika ni sarafu chache tu. Hayo ndiyo maji ya kifuu.

Sasa turejee nyumbani Kwale. Tarehe 1 Julai mwaka 2004 serikali ilitangaza utaratibu ulioitwa wa kumi na ishirini. Zahanati itoze shilingi 10 tu, kituo cha afya shilingi 20 tu. Watoto walio chini ya miaka mitano, wagonjwa wa malaria na wa kifua kikuu wasitozwe kitu. Ulikuwa uamuzi mwema, na waliouandika walikuwa wamesoma tarakimu nilizozitaja hapo juu.

Je, ulitekelezwa? Watafiti wakiongozwa na Jane Chuma, wa kituo cha utafiti wa tiba kilichoko Kilifi, walikwenda katika wilaya mbili kutafuta jibu: Makueni na Kwale hii yetu. Walizungumza na wauguzi, wakawauliza wagonjwa waliokuwa wakitoka kutibiwa, wakaketi na wanavijiji. Matokeo yao, yaliyochapishwa mwaka 2009, ni kwamba mwanzoni vituo vilifuata agizo, kisha utiifu ukafifia kadiri siku zilivyopita. Sababu hazikuwa uovu wa mioyo ya wahudumu. Dawa zilikuwa zikiadimika, mapato ya kituo yalikuwa yamepungua mno, na agizo lenyewe lilikuwa limetolewa bila ya mpango wa kutosha wa kulitekeleza.

Hapa naomba msomaji asimame nami kidogo mlangoni pa zahanati ya kijijini. Mle ndani mna muuguzi mmoja, pengine wawili. Mshahara wao unalipwa na serikali. Lakini nani humlipa mwanamke anayefagia, akapiga deki na kuchota maji? Nani humlipa mlinzi wa usiku? Mafuta ya taa, sabuni, karatasi za kumbukumbu na nauli ya kufuatia chanjo hutoka wapi? Kwa miaka mingi vyote hivyo vilitoka katika ile ada ya mgonjwa. Unapoiteremsha ada kutoka hamsini hadi kumi, nawe huleti kitu mahali pake, humpunguzii mgonjwa mzigo, unamfukuza mfagiaji. Muuguzi hukaa mwezi mmoja, miezi miwili, akifagia mwenyewe. Mwezi wa tatu hukutana na kamati ya zahanati, wakaafikiana kwa siri kwamba ada irudishwe kidogo. Na mara nyingine hairudi kwa jina la ada. Huja kwa jina la daftari, la glavu, la bomba la sindano, na la dawa inayopatikana dukani ng'ambo ya barabara. Simtetei anayemtoza maskini kinyume cha kanuni. Nasema tu kwamba ukimwadhibu muuguzi huyo na kumleta mwingine, huyo mwingine naye atapanda ngazi ile ile.

Ushahidi wa neno langu nao umepatikana hapa hapa. Kuanzia mwaka 2005, kwa msaada wa Denmark, zahanati na vituo vya afya vya Mkoa wa Pwani wa wakati ule vilianza kupelekewa fedha moja kwa moja katika akaunti zao za benki, ili zisimamiwe na kamati za wananchi pamoja na wahudumu. Antony Opwora na wenzake walichunguza mpango huo katika Kwale na Tana River, wakachapisha habari zake mwaka 2010. Fedha zile ziliajiri wafagiaji na wasaidizi wa wagonjwa, zikalipia safari za kuwafikia watu vijijini, zikakarabati majengo. Wahudumu walisema kwamba moyo wa kazi umeongezeka na huduma zimekuwa bora. Mpango huo ulionekana kufaa, hata mwaka 2010 ukaanza kutandazwa nchi nzima.

Lakini watafiti hao waliona pia upungufu, nao ndio unaotuhusu sisi walimu na wanafunzi. Wanakamati walikuwa hawajafunzwa ipasavyo. Miongozo ya mpango haikuwepo katika vituo vyenyewe. Kutoza zaidi ya kiwango kilichowekwa kulikuwa bado ni jambo la kawaida. Na wananchi kwa jumla walikuwa na ufahamu mdogo sana wa fedha zile. Yaani, hata pale fedha ya kuchukua nafasi ya ada ilipofika, mwenye haki hakuwa na habari. Ndiyo maana nimesema kwamba mambo ni mawili, wala moja halitoshi.

Kutoka hapo mambo yameendelea kubadilika. Katiba ya mwaka 2010, katika kifungu cha 43, inampa kila mtu haki ya kupata huduma bora za afya kadiri inavyowezekana, na inakataza mtu kunyimwa matibabu ya dharura. Mwezi wa Juni mwaka 2013 ada zote zilifutwa katika zahanati na vituo vya afya vya umma, na kujifungua kukawa bila malipo katika vituo vya umma. Mwaka huo huo huduma za afya zikakabidhiwa serikali za kaunti. Mwezi wa Oktoba mwaka 2023 zikatiwa saini sheria nne za afya, na tarehe 1 Oktoba mwaka 2024 SHA, yaani Mamlaka ya Afya ya Jamii, ikachukua mahali pa ile hazina ya bima iliyoanzishwa mwaka 1966. Katika utaratibu huu, aliyejiandikisha hutibiwa bure katika zahanati na kituo cha afya kwa fedha za mfuko wa serikali. Akihitaji hospitali, sharti awe amelipa mchango wake: mwenye mshahara hukatwa asilimia 2.75, na asiye na mshahara hukadiriwa mchango usiopungua shilingi 300 kwa mwezi, unaotakiwa kulipwa wa mwaka mzima kwa pamoja.

Sizitilii shaka nia za sheria hizi. Mojawapo inaviruhusu vituo vibaki na mapato yao badala ya kuyapeleka katika kapu kuu la kaunti, na hilo ni zao la mafunzo ya miaka niliyoisimulia. Aidha, sheria inasema kwamba wasiojiweza kabisa watalipiwa na serikali, na mpango wa kulipa polepole kwa mkopo umebuniwa. Lakini shilingi 300 mara miezi 12 ni shilingi 3,600. Kwa mwenye mshahara hizo ni maji ya kifuu. Mgema wa Kikoneni, mvuvi wa Gazi anayekwenda baharini pepo zikiruhusu, mfugaji wa Kinango anayetazama mawingu, na mama anayeuza samaki wa kupaka kando ya barabara ya Ukunda, hawa hupata fedha kwa siku na kuzila kwa siku. Mwalimu, waulize wanafunzi wako: nazi ngapi, kwa bei ya shambani kwenu, zitafikisha shilingi 3,600? Wakipata jibu, waulize tena: mnazi mmoja huzaa ngapi kwa mwaka, na nyumbani mwatumia ngapi? Hiyo ni hesabu bora kuliko nyingi zilizomo vitabuni, nayo itawaonyesha mahali chungu anaposimama.

Tena gharama ya matibabu si ada peke yake. Watafiti wa Kilifi walipofuatilia nyumba za mashambani walikuta kwamba malaria peke yake ilikula takriban asilimia 7 ya matumizi ya nyumba majira ya mvua, na takriban asilimia 6 wakati wa kiangazi. Na mvua za masika hukuta ghala tupu, kwani mavuno bado. Hivyo ugonjwa huzidi wakati ule ule ambapo mfuko umepungua. Ongeza nauli ya bodaboda kutoka ndani ya Kinango, ongeza siku ya kibarua iliyopotea, ongeza safari ya kuvuka Likoni mgonjwa anapopelekwa hospitali kuu ya Makadara mjini Mombasa. Ufuoni Diani mgeni mwenye bima yake hutibiwa bila ya kuhesabu sarafu. Nyuma ya hoteli hizo hizo, mwendo wa kutembea kwa miguu, yuko mtu anayengojea mnunuzi wa nazi. Mwenye shibe hamjui mwenye njaa, nao ni majirani.

Wapo watakaosema, "Kitu cha bure hakithaminiwi." Wengine watasema kwamba serikali haina fedha za kumtibu kila mtu. Hoja hizi si za kupuuzwa, wala sitawaita wenye kuzitoa kuwa maadui wa maskini. Ni kweli kwamba zahanati ya bure isiyo na dawa ni jengo tu, na heri mtu alipe shilingi hamsini apewe dawa kuliko asilipe arudi na karatasi. Lakini hoja hiyo, ukiitazama vizuri, inaunga mkono ninalolisema. Swali si kama gharama itakuwepo; gharama ipo daima. Swali ni nani ailipe, na wakati gani: sote pamoja, kwa kodi, tukiwa wazima, au mmoja mmoja, kwa mbuzi na shamba, tukiwa wagonjwa?

Ama kuhusu bure kutothaminiwa, nawauliza watu wa Kwale: nani kati yetu hakithamini kivuko cha Likoni? Mtu wa miguu huvuka pale bila ya kulipa hata senti. Wafanyakazi, wanafunzi, wachuuzi na wagonjwa kwa maelfu hupita kila siku. Kivuko kile kina matatizo yake, tena mengi, lakini hakuna abiria aliyewahi kuambiwa aje na dizeli katika chupa yake, wala anunue kamba ya kufungia meli. Ni bure kweli, kwa kuwa fedha ya umma hulipa mafuta na mabaharia, na kwa kuwa kila mtu, hata mtoto mdogo, anajua kwamba ni bure. Akitokea mtu pale Likoni akidai shilingi tano kwa mpita njia, atazomewa na umati mzima. Hiyo ndiyo hali ninayoitamani kwa zahanati ya kijijini: iwe na mafuta yake, na umati unaojua haki yake.

Basi lifanyike nini? Kwanza, serikali kuu na ya kaunti zihakikishe kwamba fedha za zahanati zinafika zahanati, tena kwa wakati. Fedha inayochelewa miezi sita ni sawa na fedha isiyokuja, kwani mfagiaji hali ahadi. Ngoja ngoja huumiza matumbo. Pili, kila kituo kibandike ukutani, kwa Kiswahili na kwa lugha ya watu wa mahali hapo, Kidigo au Kiduruma, orodha ya huduma zisizolipiwa na bei ya zinazolipiwa, pamoja na kiasi cha fedha kilichopokewa na kilivyotumika. Tatu, wale wasiojiweza watafutwe huko huko vijijini na kuandikishwa, wasingojewe waje kujieleza mbele ya meza wakiwa wamebeba mgonjwa.

La nne ni letu sisi. Kwale imechunguzwa sana. Kuanzia kichocho cha Msambweni hadi ada za zahanati, watu wetu wamejibu maswali ya watafiti kwa miongo kadhaa. Lakini majibu yaliyokusanywa yamechapishwa zaidi kwa Kiingereza, katika majarida ya mbali. Bibi aliyesema, "Nangojea shilingi hamsini," hakupata kuyasoma maneno yake yalikofikia. Mwalimu anaweza kuwa daraja. Makala ya utafiti ikifasiriwa kwa Kiswahili chepesi, ikasomwa darasani, ikajadiliwa, mwanafunzi atairudisha nyumbani jioni pamoja na daftari lake. Nawasihi vilevile walimu wenzangu msikatae mnapochaguliwa katika kamati za zahanati. Sisi twajua kusoma hesabu za mapato na matumizi. Tusizisome za shule peke yake. Na watafiti nao, wanapotuaga kwa shukrani, watuachie nakala tunayoweza kuisoma.

Kwa upande wao, wanafunzi wa shule za upili wana kazi inayowafaa mikono yao. Nendeni kwenye zahanati ya kijijini kwenu, kwa adabu na kwa ruhusa, mkaulize: huduma zipi hazilipiwi? Je, bango lipo? Kamati hukutana lini? Andikeni majibu, muyasome katika mkutano wa wazazi. Hamtakuwa mkimshitaki muuguzi. Huenda muuguzi huyo ndiye atakayefurahi kuliko wote, kwani kwa muda mrefu amekuwa peke yake mbele ya mgonjwa, akijibu maswali ambayo hayakustahili kuulizwa yeye.

Yule kijana wa darasa la tano ni mtu mzima sasa, ana watoto, naye huniamkia kwa heshima tunapokutana. Bibi amekwisha kutangulia mbele ya haki. Daftari lile nililihifadhi, mbele hesabu, nyuma jina na ukurasa mtupu. Kila ninaposikia ikitangazwa kwamba matibabu yamekuwa bure, nafurahi, kisha najiuliza ni nani atakayekwenda kumwambia bibi aliyeko nyuma ya mashamba ya minazi, na kama akifika mlangoni atakuta tangazo hilo limefika kabla yake. Mficha maradhi kifo humuumbua, wasema wazee. Lakini bibi yule hakuficha maradhi; alikuwa akiingoja Ijumaa. Tusiwaache wengine wakiingoja.